Mahali pa Kujaza: Umeme, Haidrojeni na Haibridi Barabarani

Mwishoni mwa Aprili 1899, huko Achères nje kidogo ya Paris, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy alipanda gari lenye umbo la kombora na kulikimbiza hadi kilomita 105.88 kwa saa. Hakuna aliyewahi kuvuka kilomita 100 kwa saa ndani ya gari kabla yake. Alikuwa amekaa juu kama mtu aliyepanda ngamia, kifua chote nje, kwa hiyo umbo lile lililochongwa kwa uangalifu ili kukata upepo halikumsaidia sana. Gari lake, La Jamais Contente, halikuwa na hata tone la petroli. Lilisukumwa na mota mbili za umeme zilizolishwa na betri za risasi na asidi.

Mpinzani wake, Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat, naye alitumia umeme. Rekodi sita za mwanzo za kasi ya magari duniani, kuanzia Desemba 1898, zilikuwa za watu hawa wawili wakinyang'anyana, na zote sita ziliwekwa kwa umeme. Rekodi ya Jenatzy ilidumu hadi 1902, ilipovunjwa na gari la mvuke la Léon Serpollet.

Nayataja haya mapema kwa sababu siku hizi gari la umeme huzungumzwa kama mgeni aliyeshuka jana. Haidrojeni nayo husifiwa kuwa nishati ya kesho, na haibridi, gari linalochanganya injini na mota ya umeme, huonekana kama ujanja wa Wajapani wa juzijuzi. Ukweli ni kwamba zote tatu zilikwisha kuonekana barabarani au karakanani kabla Waingereza hawajamaliza kujenga reli ya kwenda Kisumu, au muda mfupi tu baada ya hapo. Kwa muda wote huo ubora wa mota haujawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo limekuwa namna ya kuibeba nguvu safarini, na mahali pa kuijaza inapokwisha.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati ya hayo 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme na 936 tu ya petroli. Mtu aliyekuwa na fedha za kuwekeza mwaka ule angekuwa na sababu nzuri za kuipuuza petroli. Gari la petroli lilinguruma, lilitoa moshi, lilitetemesha mifupa, na kuliwasha kulihitaji mtu mwenye misuli azungushe hendeli mbele ya injini. Hendeli hiyo ikirudi nyuma kwa ghafla iliweza kuvunja mkono. Gari la mvuke lilitaka maji na kusubiri boila ipate moto. Gari la umeme liliwaka kwa swichi, likaondoka kimya.

Jijini New York zilikuwapo teksi za umeme zilizomilikiwa na Electric Vehicle Company, na karakana yao kule Manhattan inastahili kutazamwa kwa karibu. Teksi iliingia na kusimamishwa mahali pake. Sanduku la betri lenye uzito wa zaidi ya nusu tani likavutwa nje kwa mtambo, jingine lililokwisha kuchajiwa likasukumwa ndani, na dereva akarudi barabarani kutafuta abiria. Betri iliyotolewa ilibaki ikichajiwa polepole. Kijana wa bodaboda wa Kigali au Nairobi anayesimama leo kituoni, akatoa betri tupu chini ya kiti na kuweka iliyojaa, anafanya jambo lile lile.

Hartford, katika jimbo la Connecticut, walikwenda mbele zaidi. Kampuni ya umeme ya mji huo, kuanzia mwaka 1910 hivi hadi katikati ya miaka ya 1920, ilihudumia malori ya umeme yaliyouzwa bila betri. Mwenye lori alinunua chombo, na betri ikabaki mali ya kampuni. Alilipa kwa kila maili aliyotembea, na betri ikichoka ilikuwa juu ya kampuni kuibadilisha. Hilo ndilo pendekezo ambalo kampuni ya BasiGo imewapelekea wenye matatu wa Nairobi tangu 2022: nunua basi kwa bei inayokaribiana na ya basi la dizeli, kisha ulipie betri na chaji kwa kila kilomita. Karne nzima imepita kati ya Hartford na Nairobi, na mantiki ya mfanyabiashara ni moja. Betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya gari, tena ndicho kinachozeeka, kwa hiyo abebe hasara hiyo mwenye mtaji wa kuihimili.

Kwa nini basi umeme ulishindwa? Sababu ziliingia moja baada ya nyingine. Betri ya risasi hubeba nguvu ndogo mno kwa uzito wake. Kilo moja ya betri ile ilihifadhi sehemu ndogo tu ya kWh moja, ilhali kilo moja ya petroli ina takriban kWh 12. Hata ukikubali kwamba injini ya petroli hupoteza robo tatu ya hizo kama joto, pengo bado ni kubwa. Mwaka 1901 mafuta yalifumuka huko Spindletop, Texas, na bei yake ikaporomoka. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa Model T kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Yaani mota ndogo ya umeme pamoja na betri ndizo zilizoiondolea petroli aibu yake kubwa, ile hendeli. Umeme ulimnoa mshindani wake mwenyewe.

Sababu ninayoipa uzito kuliko zote, hata hivyo, iko nje ya gari. Marekani ya wakati ule ilikuwa na umeme mijini tu. Hata katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa kati ya kumi huko hayakuwa na umeme. Petroli iliweza kuuzwa kwa debe katika duka lolote la kijijini, karibu na misumari na unga. Mkulima hakuwa na tofali la kuanzia kujenga kituo cha kuchaji, lakini debe aliweza kulibeba mwenyewe. Thomas Edison alitumia karibu miaka kumi kutafuta betri bora, na mwaka 1909 akatoa ya nikeli na chuma iliyokuwa imara ajabu. Ilikuwa ghali, baridi iliidhoofisha, na ilikuwa imechelewa. Detroit Electric, kampuni iliyomuuzia gari hata Clara Ford, mke wa Henry mwenyewe, iliendelea kujikongoja hadi mwaka 1939.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, kijana mmoja wa Vienna aliona njia ya tatu. Ferdinand Porsche, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alimfanyia kazi Ludwig Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 walionyesha gari lenye mota ndani ya magurudumu yenyewe, bila mnyororo wala giaboksi. Betri yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Porsche akaamua kupunguza betri na kuweka injini mbili ndogo za petroli, ambazo hazikuunganishwa na magurudumu hata kidogo. Kazi ya injini hizo ilikuwa kuzungusha jenereta tu. Jenereta zikatoa umeme, umeme ukaenda kwenye mota na ziada ikaingia kwenye betri. Gari hilo aliliita Semper Vivus.

Mpangilio huo wa Porsche haukupata wateja wengi katika magari madogo, kwa kuwa ulikuwa mgumu kutengeneza na ghali kununua. Lakini haukufa. Malori makubwa ya migodini, yale ambayo tairi lake moja linampita mtu urefu, mengi huendeshwa kwa dizeli inayozalisha umeme kwa ajili ya mota za magurudumu. Vichwa vya treni vya dizeli vinavyovuta mabehewa ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi vimejengwa kwa kanuni hiyo hiyo. Anayesema haibridi ni jambo la magari madogo ya mjini hajaangalia relini.

Huko Chicago, kampuni ya Woods ilijaribu tena mwaka 1917 kwa gari lililoitwa Dual Power. Kwa mwendo wa polepole lilitembea kwa umeme peke yake, na mwendo ulipoongezeka injini ya petroli ikapokea. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 56 kwa saa, na bei yake dola 2,650. Kwa fedha hizo mtu angenunua Model T kadhaa na chenji ikabaki. Wanunuzi walipiga hesabu hiyo, na haibridi ikalala kwa zaidi ya nusu karne.

Haidrojeni ina ukoo mrefu kuliko wenzake. Mwaka 1807 Mswisi Isaac de Rivaz aliunda injini iliyolipua haidrojeni kwa cheche ndani ya silinda, na akaifunga kwenye mkokoteni. Mwaka 1839 William Grove wa Wales, mwanasheria aliyependa sayansi, aligundua kitu cha thamani zaidi. Ukitumia umeme unaweza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Grove alionyesha kwamba unaweza pia kurudi kinyume: uzikutanishe gesi hizo mbili kwa utaratibu, bila mlipuko, nazo zikupe umeme na maji. Hiyo ndiyo seli ya haidrojeni. Katika seli za leo za magari, gesi huingia upande mmoja, hewa huingia upande wa pili, na katikati kuna utando mwembamba usiopitisha elektroni. Elektroni hulazimika kuzunguka kwa waya wa nje, na mzunguko huo ndio umeme unaoendesha mota. Gari la haidrojeni la aina hii, kwa hiyo, ni gari la umeme lenye kiwanda kidogo cha umeme badala ya betri kubwa.

Kwa miaka mia moja hivi ugunduzi wa Grove ulikaa rafuni. Mwingereza Francis Thomas Bacon aliushughulikia tangu miaka ya 1930, na mwaka 1959 huko Cambridge akaonyesha mtambo wa kW 5 ulioweza kuendesha mashine ya kulehemu na foklifti. Mwaka huo huo kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilitoa trekta la seli za aina hii. Kisha ikaja safari ya mwezini. Vyombo vya Apollo vilipata umeme wao kutoka seli zilizotokana na hataza za Bacon, na wanaanga wakanywa maji yaliyozalishwa humo. Kule angani haidrojeni haikuwa na mpinzani: uzito ulikuwa kila kitu, gharama haikuwa kitu, na tangi lilijazwa mara moja tu na wataalamu wa serikali.

General Motors walijaribu kuishusha teknolojia hiyo barabarani mwaka 1966. Walichukua gari dogo la mizigo, wakaliita Electrovan, na kulijaza moduli 32 za seli pamoja na matangi ya haidrojeni na oksijeni vilivyopozwa hadi kuwa vimiminika. Mitambo na mabomba yalimeza nafasi yote ya nyuma. Gari lililoundwa kubeba mizigo likabaki na viti viwili, na uzito wake ulizidi tani tatu. Lilitembea, na kwa tangi moja liliweza kwenda kama kilomita 190. Kwa ajili ya usalama halikutolewa nje ya viwanja vya kampuni. Miaka michache baadaye, Karl Kordesch, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Union Carbide, alifanya kwa unyenyekevu zaidi kile ambacho kampuni kubwa ilishindwa. Alichukua Austin A40, akafunga mitungi ya haidrojeni juu ya paa, akaweka seli nyuma na betri za kawaida za kusaidia wakati wa kupanda mlima, na kuliendesha katika barabara za umma kwa miaka kadhaa. Namheshimu sana Kordesch kwa hilo. Alielewa kwamba seli hutoa nguvu kwa mwendo wa taratibu na usiobadilika, na kwamba kuishtua kila dereva anapokanyaga mafuta ni kuiumiza. Magari yote ya haidrojeni ya leo yana betri ndani yake kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo nayo ni haibridi.

Vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973 vilipandisha bei ya pipa mara nne hivi, na wahandisi wakaanza kufukua michoro ya zamani. Mengi ya majaribio ya muongo ule hayakufika popote. Msukumo wa kweli ulitoka California, ambako hewa ya Los Angeles ilikuwa imeharibika. Mwaka 1990 jimbo hilo liliagiza kwamba asilimia 2 ya magari mapya ya kampuni kubwa yasitoe moshi kabisa ifikapo 1998. General Motors wakatoa EV1, gari zuri lililoundwa kwa umeme tangu mchoro wa kwanza. Yaliundwa 1,117, yakakodishwa bila kuuzwa. Amri ilipolegezwa, kampuni iliyakusanya, na mengi yakapondwapondwa huku waliokuwa wakiyaendesha wakiomba kuyanunua. Bado naona huo ni mojawapo ya maamuzi mabaya kabisa katika historia ya viwanda vya magari: ujuzi wa miaka mingi ulipelekwa kwenye mashine ya kusaga vyuma.

Toyota ilichukua njia nyingine. Mradi uliopewa jina la G21 ulianza 1993 na kuongozwa na Takeshi Uchiyamada, mhandisi ambaye hakuwahi kuongoza uundaji wa gari jipya. Gari la majaribio lilipokusanywa mwishoni mwa 1995, halikusogea. Kwenye kompyuta kila kitu kilikwenda sawa, lakini gari lenyewe lilikaa siku 49 bila kutembea, na lilipotembea lilikwenda mita 500 hivi likasimama. Bosi mpya wa kampuni, Hiroshi Okuda, badala ya kuwaongezea muda aliwapunguzia. Prius ikaingia sokoni Japani Desemba 1997.

Ndani yake kuna gia za sayari zinazounganisha injini na mota mbili za umeme. Mota moja huwasha injini, huzalisha umeme na kudhibiti mwendo wa injini, na nyingine huvuta magurudumu. Hakuna giaboksi ya kawaida, hakuna klachi, hakuna stata. Dereva akikanyaga breki, mota ya magurudumu hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo gari jingine lingeipoteza kama joto. Hapa ndipo haibridi inapopata faida yake kubwa. Katika foleni ya Ubungo au ya Mombasa Road, penye kusimama na kuondoka kila dakika, inakusanya makombo. Kwenye barabara tupu ya mwendo mmoja, makombo hayo hayapo, na ndiyo maana malori ya safari ndefu hayakuifuata.

Haibridi ilishinda mapema kwa kuwa haikudai mahali papya pa kujaza. Mwenye nayo alikwenda kwenye sheli ile ile. Hivyo ndivyo ilivyofika hata kwetu, kwa meli za magari yaliyotumika kutoka Japani: Prius, Aqua, Fielder. Mafundi wetu wameijua kwa kuifungua. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28, kila moja volti 7.2, zimepangwa kama mikate kwenye boksi karibu na kiti cha nyuma. Moduli moja ikifa, taa nyekundu huwaka, na mwenye gari huambiwa betri nzima imekwisha. Fundi mzuri hupima moja baada ya nyingine kwa mita, akaondoa iliyokufa na kuweka nyingine yenye nguvu inayolingana na wenzake. Mara nyingi chanzo ni feni ndogo ya kupoza betri, ambayo huvuta hewa kutoka ndani ya gari na kujaa vumbi. Wanaoishi kandokando ya barabara za murram wanapaswa kuisafisha mara kwa mara. Gharama ni brashi na nusu saa, na inaweza kuokoa betri.

Kilichorudisha umeme mtupu ni lithiamu. Stanley Whittingham alianza katika maabara ya Exxon miaka ya 1970, John Goodenough akapata oksidi ya kobalti huko Oxford mwaka 1980, Akira Yoshino akaifanya iwe salama mwaka 1985, na Sony wakaiuza kuanzia 1991 kwa ajili ya kamera. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Tesla, iliyoanzishwa 2003, ilipotoa Roadster mwaka 2008, iliunganisha seli ndogo 6,831 za aina iliyotumika katika kompyuta za mkononi.

Neno kobalti linatuleta nyumbani, maana zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodini. Wachimbaji wadogo huteremka mashimo yasiyo na nguzo, na mashirika ya haki za binadamu yameandika mara nyingi kuhusu watoto wanaochambua na kuosha mawe hayo. Gari lisilo na moshi Oslo linaweza kuwa limeanzia kwenye kifua kilichojaa vumbi Kolwezi. Halisemwi vya kutosha jambo hili, na ni sisi tunaoweza kuzungumza na wachimbaji hao kwa lugha yao. Wapo wanaotegemea betri za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti kabisa, ambazo kundi la Goodenough lilizieleza mwaka 1997 na Wachina wakazikamata kwa nguvu. Kampuni ya BYD ilijengeka juu ya betri hizo. Kufikia mwisho wa 2017 mji wa Shenzhen ulikuwa na mabasi ya umeme 16,359, yaani mabasi yake yote ya umma.

Haidrojeni haikukata tamaa. Desemba 2014 Toyota ilianza kuuza Mirai, yenye kilo 5 hivi za gesi iliyobanwa kwa mgandamizo mara 700 ya ule wa hewa. Kujaza ni dakika chache. Lakini ujaze wapi? Kituo kimoja cha haidrojeni hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna ajengaye kituo pasipo magari wala anunuaye gari pasipo kituo. Juni 2019 kituo cha Kjørbo, karibu na Oslo, kililipuka kwa sababu kizibo cha tangi hakikukazwa vizuri wakati wa kuunganishwa, na vituo vingine vikafungwa kwa muda. Mwaka 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo California. Wenye Mirai wakabaki na magari mazima na mahali pachache pa kuyajaza. Na kampuni ya Nikola, iliyoahidi malori ya haidrojeni, ilitoa video ya lori likikimbia ambalo kumbe liliteremshwa tu mlimani. Mwanzilishi wake Trevor Milton alitiwa hatiani kwa udanganyifu mwaka 2022 na kusamehewa na Rais wa Marekani mwaka 2025, mwaka ambao kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika.

Hata hivyo si haki kuihukumu haidrojeni kwa Nikola. Malori ya Hyundai yenye seli yamekuwa yakifanya kazi Uswisi tangu 2020, kwa sababu wenye maduka makubwa, wenye malori na wenye vituo walikubaliana kuanza pamoja.

Kwa magari madogo naona mashindano yamekwisha kwa sehemu kubwa: betri imeshinda, na haibridi itaendelea pale ambapo umeme haujafika au haututumikii vizuri. Lori ndilo lililobaki mezani. Tuchukue lori la tani 40 kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 na ushei, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,660 hivi. Kuunyanyua uzito huo tu kunahitaji kWh 180, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Safari nzima kwa betri itachukua kati ya kWh 700 na 900. Betri ya kutosha bila kusimama itakuwa na tani tano hadi sita, na hizo ni tani za saruji au ngano zilizoachwa bandarini. Haidrojeni kwa safari hiyo ni kilo 40 hadi 50, na matangi yake pamoja na gesi hayazidi sana tani moja. Kwa uzito, haidrojeni inashinda waziwazi.

Sasa hesabu umeme uliotumika kuitengeneza. Kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji hula kWh 50 hadi 55, bado kuibana. Lori lile lile litakuwa limetumia zaidi ya kWh 2,000, karibu mara tatu ya lori la betri. Kwa malori 1,000 kwa siku, betri zinadai wastani wa MW 40 hivi mchana na usiku, na haidrojeni zaidi ya MW 100. Katika nchi ambayo kilele cha matumizi yake yote ni zaidi ya MW 2,000, tofauti hiyo ni kubwa. Kenya ina mvuke wa Olkaria ambao usiku hukosa mnunuzi, na tangu 2023 ina bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku. Bei hiyo inamfaa mwenye betri moja kwa moja. Mwenye haidrojeni ataifaidi baada ya kujenga kiwanda, matangi na pampu.

Uzito wa betri unaweza kupunguzwa kwa kuigawa safari. Mtito Andei iko karibu katikati ya njia, na madereva wa malori wamekuwa wakisimama hapo kula na kulala tangu enzi za barabara ya vumbi. Lori lenye betri ya nusu ukubwa, tani tatu hivi, likichaji hapo kwa saa moja na nusu wakati dereva na utingo wake wanapumzika kwa mujibu wa akili ya kawaida ya usalama, litafika Nairobi. Likishuka kurudi pwani litarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri kila linapozuia mwendo. Njia kuu ya umeme wa msongo mkubwa kati ya Mombasa na Nairobi imekwisha kujengwa kandokando ya ukanda huo. Kinachokosekana Mtito Andei ni kituo cha kupozea umeme cha kutosha malori hayo 1,000, chaja zenyewe, na mtu wa kukubali kutangulia kulipa.